Masikio Yangu na Piano ya Bi Zuhura

Jumanne, 22 Aprili

Kanisani Kimara tangu saa tatu asubuhi. Mvua. Piano ya kwaya imepanda tena, yote, kuanzia kushoto mpaka kulia. Kawaida ya masika. Mbao zinakunywa unyevu, zinavimba, zinavuta nyuzi, sauti inapaa. Nimezungusha vigingi vya kukazia nyuzi zaidi ya mia mbili, kimoja kimoja. Bega linauma. Chini ya nyundo za besi nimekuta mjusi mkavu. Wa tatu mwaka huu. Huwa najiuliza wanafuata nini humo ndani.

Mwenyekiti wa kwaya kauliza tena kwa nini piano haitulii kama kinanda cha umeme. Nimemwambia kinanda cha umeme ni redio yenye meno. Hakucheka.

Mchana simu kutoka Kinondoni, Bi Zuhura. "Mwanangu, kinanda kimeteremka." Anasema kimelegea tangu Ijumaa. Piano yake nimeitengeneza mie mwenyewe, wiki mbili hazijatimia. Na hilo neno lake linanisumbua. Kuteremka. Mwezi huu piano zote za mji huu zinapanda. Yake inashukaje? Labda mama wa watu kachanganya. Nitakwenda Ijumaa.

Ijumaa, 25 Aprili

Hakuchanganya.

Nimepiga kwenye goti uma wa sauti, kile chuma cha meno mawili kinachotoa sauti moja isiyobadilika, nikausikiliza, nikabonyeza nota ya la, ile ya katikati. Imeshuka. Si kidogo. Besi ipo sawa, juu kabisa ipo sawa, katikati yote imelala. Kila sauti pale ina nyuzi tatu, na zote tatu zimeshuka pamoja, kwa hiyo si kigingi kilicholegea. Vigingi vimekaza kabisa. Nimejaribu kimoja kimoja.

Na jambo la pili la ajabu. Nyuzi zinang'aa. Nyumba za upande ule chumvi ya bahari inakula chuma, nikifungua piano nakutana na kutu tupu. Kwake hakuna kutu, hakuna nondo wa kula sufi ya nyundo, hakuna hata mjusi. Sijui kwa nini. Miaka yote nafungua, nashangaa, nafunga.

Bi Zuhura ana miaka sabini na nne. Marehemu mumewe alikuwa na duka la vitambaa, duka la ukoo wao tangu babu zao walipotoka Uarabuni. Piano aliinunua kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Siku ya kuiingiza ndani walivunja fremu ya mlango, na mlango ule mpaka leo haufungi vizuri. Bibi anapiga kila siku baada ya sala ya alasiri. Kwa sikio tu, nota haijui hata moja. Nyimbo za harusi za zamani. Mkono wake wa kushoto unakosea palepale kila mara. Nimeshazoea, siku akipatia nadhani nitashtuka.

Nimeitengeneza. Imenichukua saa mbili na nusu. Kanipa kahawa na halua. Nyumba inanukia udi, kama siku zote. Nimetoka pale moyo mweupe.

Jumatano, 30 Aprili

Kapiga simu asubuhi. Sasa imepanda.

Nimekwenda nikiwa na hasira. Si kwake, sijui kwa nani. Uma kwenye goti, la ya katikati. Kweli imepanda. Katikati tu. Ilipokuwa imelala Ijumaa, leo imesimama juu ya vidole. Lakini Ijumaa ni mie niliyeiweka pale. Niliisikia iko sawa. Nilisikia kabisa.

Nimeirudisha chini. Bi Zuhura kakaa kwenye kochi, anavuta tasbihi yake. Afadhali angelalamika.

Njia nzima nimekuwa nawaza jambo moja. Ama piano ile inatembea, ama mie sisikii tena vizuri. Piano kushuka wiki moja na kupanda wiki inayofuata, mvua ikiwa ileile, sijawahi kuona. Miaka thelathini na moja ya ufundi huu. Lakini sikio la mtu wa miaka hamsini na saba kudanganya, hilo lipo, wala si ajabu.

Mke wangu, Mama Neema, hajui. Nimemwambia nimechoka tu.

Ijumaa, 2 Mei

Imeshuka.

Bi Zuhura kanitumia ujumbe wa sauti, kaipiga la ya katikati mara tatu, basi. Nimeusikiliza barazani na uma mkononi. Imeshuka. Au naisikia imeshuka. Simu yenyewe mbovu.

Sikwenda. Nimemdanganya kwamba nina kazi Mbagala, nitafika Ijumaa ijayo. Sina kazi Mbagala. Nimeona aibu.

Jumatatu, 5 Mei

Leo nimejipima.

Mama Neema anafundisha darasa la nne, ana subira ya walimu. Nimemkalisha mezani na uma zangu mbili, mmoja wa zamani wa mwalimu wangu, mwingine nilioununua mwenyewe. Zinatofautiana kidogo sana. Ukizipiga pamoja zinatoa mawimbi, wawawawa, polepole. Nimegeuka ukutani, nikamwambia apige mmoja au zote mbili, nami niseme. Mara ishirini. Nimepatia zote.

Akacheka, akauliza kama tunacheza bao. Nikamweleza kila kitu. Akaacha kucheka. Kasema, "Baba Neema, wewe si wa kugeuzwa ukutani jikoni. Kuna hospitali." Nimemjibu vibaya. Nimemwambia hospitali watanipa karatasi, na mteja akiiona karatasi hiyo ndiyo mwisho wangu. Sina kazi nyingine ninayoijua. Hilo ndilo ninaloogopa, niliandike hapa niache kuzunguka. Nisiposikia, mie si fundi. Ni mzee mwenye ufunguo mzito wa vigingi mfukoni.

Jumatano, 7 Mei

Nimepita Mwenge kwa Chilumba, yule mchonga vinyago. Natafuta kipande cha mpingo. Shule moja ya Mikocheni imepoteza kibonyezo cheusi. Watoto wanakiokota wanakitia mfukoni, sijui wanakwenda kukifanyia nini.

Chilumba kachagua kipande, kakigonga na kucha, kakitupa pembeni. Kachukua kingine, kagonga, kanipa. Nikauliza kile cha kwanza kina nini. "Kimelamba moto," kasema. Kuna mtu alitaka kukiharakisha, akakiweka karibu na jiko la mkaa. Nikauliza si kimekauka? Akasema kimekauka leo. Kesho kikipata hewa yetu hii kitakunywa maji, kitarudi. Ukikiweka tena kwenye moto kitakwenda, ukikitoa kitarudi. Mti wa namna hiyo hauna msimamo, yeye hachongi. Anaoukausha yeye huuweka kivulini miezi, hata mwaka, ukikauka umekauka.

Nimekaa pale nusu saa namuuliza maswali. Anagonga mti anasikia yaliyomo. Yeye naye anaishi kwa sikio. Nilitaka kumuuliza kama anaogopa kuzeeka. Nikanunua kipande changu nikaondoka.

Ijumaa, 9 Mei

Siku mbaya.

Nimekwenda Kinondoni kama nilivyoahidi. Nimemkuta Hafidh, mtoto mkubwa wa Bi Zuhura, ndiye anayeendesha duka sasa. Zamani alikuwaga wa kwanza kunipa shikamoo. Leo kaniambia, "Vipi, fundi." Kashika simu. Kapakua humo kitu cha kupimia sauti, kinaonyesha mshale. Kabonyeza la ya katikati mbele yangu. Mshale ukalala kushoto. Kabonyeza nyingine, kushoto. Sikuhitaji mshale. Nilisikia tangu mlangoni, mama yake alikuwa anapiga.

Kasema kwa adabu, lakini kasema. Mara nne mie nimekuja. Mara nne imeharibika. Sikukuu ya Idi ndugu zao wanakuja kutoka Tanga na Zanzibar, sebule haitoshi. Kuna mtu Mikocheni ana mgahawa, anaitaka piano aitoe matumbo, aifanye kaunta ya juisi. Kama mpaka mwanzo wa mwezi wa sita haijatulia, inaondoka.

Kaunta ya juisi. Ile piano.

Bi Zuhura alikuwepo. Kasema tu, "Hafidh, mpe nafasi mwenzio." Sauti yake ndogo. Hafidh akasema, "Mama, nafasi si ndiyo hiyo nimempa." Kisha bibi kafunika vibonyezo kwa kile kitambaa chake kilichodariziwa, kakinyoosha pembe zote nne kana kwamba anamfunika mgonjwa.

Sikuigusa leo. Niliogopa kuigusa.

Jumamosi, 10 Mei

Nimeamua. Nitapima masikio. Ikiwa ni mie, nauweka ufunguo chini, nampa Hafidh ukweli, namwomba atafute fundi mwingine kabla hajaitoa matumbo. Sitaki piano ya yule mama ife kwa sababu ya kiburi changu.

Mama Neema kasema atanisindikiza. Nimekataa. Kisha nimekubali.

Jumanne, 13 Mei

Hospitali.

Chumba kidogo kimezibwa kwa sponji, kimya mpaka nasikia damu yangu. Hedifoni. Kitufe mkononi. Ukisikia mlio, bonyeza. Binti aliyepima ni wa umri wa Neema wetu. Kanipa shikamoo vizuri, kisha kanifungia humo.

Mwanzo rahisi. Halafu milio ikaanza kupanda, ikawa myembamba, ikawa kama sindano, ikawa hakuna. Nikakaa na kitufe mkononi. Nikimwangalia kupitia kioo naona mkono wake unaendelea kubonyeza. Yaani milio ipo. Mie sisikii. Nimewahi kuogopa vitu vingi, sikujua kwamba kimya kinaweza kuogopesha hivyo.

Majibu. Sauti za chini na za kati, masikio yote mawili, safi. Kasema safi kuliko watu wengi wa umri wangu. Sauti za juu kabisa, sikio la kulia zimepungua kidogo, la kushoto zimekwenda. Hazirudi. Nimemuuliza mara tatu kuhusu za kati. Nikamwimbia la yangu palepale. Kasema, "Baba, hiyo unaisikia bila shida yoyote."

Nje Mama Neema kanitazama tu. Nimemwambia nusu habari nzuri, nusu mbaya. Kasema tuanze na nzuri. Nzuri ni kwamba katikati ya piano ya Bi Zuhura inashuka kweli. Mbaya sikuisema hadi tulipofika nyumbani. Vile vibonyezo vya mwisho kabisa, upande wa kulia, vile vya sauti ya kijiko kwenye glasi, siwezi tena kuviapia. Miaka mingapi nimekuwa nikividanganya? Sijui. Nimeumia sana.

Jumatano, 14 Mei

Nimeamka na swali, si na huzuni. Hiyo ni afadhali.

Kama si mie, ni nini? Nimetoa daftari la kazi. Nimeandika siku zote pembeni. Ijumaa ya tarehe 25, imeshuka. Jumatano ya tarehe 30, imepanda. Ijumaa ya tarehe 2, imeshuka. Ijumaa ya tarehe 9, imeshuka. Hata ile simu yake ya kwanza, alisema tangu Ijumaa. Ijumaa, Ijumaa, Ijumaa. Katikati ya wiki inarudi.

Piano haijui siku. Kuna kitu kinafanyika nyumba ile kabla ya Ijumaa.

Halafu nikamkumbuka Chilumba na kipande chake. Kimelamba moto. Kinakwenda, kinarudi. Ubao wa sauti, ule ubao mpana nyuma ya piano unaobeba nyuzi, ukikauka ghafla unasinyaa, sauti inashuka. Ukinywa unyevu unavimba, inapanda. Kwa hiyo kuna joto. Joto la wapi? Hakuna jiko sebuleni. Jua halifiki ukuta ule. Mpangaji wa jirani anaoka mikate ukutani? Nimecheka peke yangu.

Siku moja sijawahi kukanyaga kule. Alhamisi.

Alhamisi, 15 Mei

Niandike yote, nisisahau kitu.

Nimefika saa kumi na nusu, sala ya alasiri imekwisha. Nimebisha hodi, binti wa kazi kanifungulia. Nimetoa shikamoo, Bi Zuhura kaitikia marahaba kutoka chini. Chini kabisa. Amekaa kwenye mkeka mbele ya piano. Kando yake kile kikapu kirefu cha kufukizia nguo, na kanzu nyeupe ya Hafidh imetandazwa juu yake, ya Ijumaa. Moshi wa udi unapita kwenye kitambaa. Hilo nimeliona nyumba nyingi za Kinondoni, kila Alhamisi wanafukiza nguo za kuswalia.

Kisha kaondoa kanzu, kaikunja. Kachukua chetezo kutoka chini ya kikapu, makaa mekundu kabisa ndani yake, kaongeza kipande cha udi. Kafungua ule mlango wa chini wa piano, pale penye kanyagio. Kakiingiza chetezo ndani. Kafunga mlango.

Nilisimama na mfuko wangu wa vifaa. Moshi ukaanza kutoka taratibu katikati ya vibonyezo.

Kageuka kaniona uso wangu. Kasema, "Mbona umeduwaa, mwanangu? Si wewe uliyesema kipate joto?"

Mie. Ni mie niliyesema. Masika ya mwaka juzi. Nilimfungia balbu ndogo mle chini, ya zile za zamani zinazopata moto, ikaushe unyevu polepole usiku na mchana. Ni kazi ya kawaida, nimewafungia wateja wangu wengi. Nikamweleza, kinanda chako adui yake unyevu, kipate joto kidogo kila siku. Mwezi wa tatu mwaka huu balbu ikaungua. Hafidh akanunua nyingine, ya zile za kisasa za kubana umeme. Ndizo zilizopo madukani sasa. Bi Zuhura aliingiza mkono akapapasa. "Nikakuta taa baridi," kasema. "Nikasema, mwanangu kaniambia kipate joto. Taa haina. Joto mimi ninalo."

Kwa hiyo kila Alhamisi, nguo zikishafukizwa, kinanda nacho kinafukizwa. Saa nzima, mlango umefungwa ili moshi usipotee. Kwake yeye hiyo ni heshima. Kitu unachokithamini unakifukiza.

Nimepiga magoti nikafungua. Nimekitoa chetezo kwa kitambaa cha mkono. Ubao wa sakafu ya piano una duara jeusi, kubwa kama sahani, limeungua. Majivu meupe kila pembe. Siku moja kaa lingeruka, na ile nyumba, na yeye amekaa hapo hapo kwenye mkeka.

Na mie mara zote nilizokuja sikufungua chini. Kutengeneza sauti unafungua juu, unamaliza, unaondoka. Magoti yangu yanauma, kuinama naona kazi. Balbu ni yangu, nilipaswa kuitazama kila nikija. Nilikuwa nimesimama juu ya jibu, nikiwa nalaumu masikio. Harufu ya udi ilikuwa inatoka ndani ya piano, nami najisemea nyumba hii inanukia vizuri. Mtu mwenye sikio, pua hana.

Nimekaa kwenye mkeka wake. Nikacheka. Halafu sijui ilikuwaje, machozi. Bi Zuhura kaniletea maji.

Nimemweleza taratibu. Ubao unasinyaa kwa moto, unarudi kwa hewa, kila wiki. Kauliza jambo moja tu. "Kwa hiyo ni mimi ninayekiua?"

Nimemwambia hapana. Ni mie niliyesema neno nusu nikaondoka.

Ijumaa, 16 Mei

Nimemfuata Hafidh dukani. Nimemwambia kosa ni langu. Balbu niliyoifunga haipatikani tena, iliyowekwa badala yake haikaushi, nami sikuja kukagua. Yote kweli. Ya chetezo sikuyataja. Akauliza, "Na ile harufu ya kuungua?" Yaani alishainusa. Nikasema nitaishughulikia.

Kasema basi, mwanzo wa mwezi wa sita palepale. Hajasogeza hata siku.

Jumatatu, 19 Mei

Kutafuta balbu. Maduka ya umeme sita, wote wananionyesha zile baridi. Mmoja kaniuliza kama nafuga vifaranga. Wafugaji wa Kimara wanazo, lakini zile ni kali, zingerudisha balaa lilelile. Mwishoni nimepata kwa fundi friji Mikocheni. Balbu ya ndani ya friji. Ndogo, dhaifu, inapata uvuguvugu wa mkono wa mtoto. Kaniuliza friji yangu ni aina gani. Nimemwambia ina vibonyezo themanini na nane. Huyu alicheka.

Jumatano, 21 Mei

Nimefunga balbu ndani ya kopo lenye matundu, mbali na mbao. Nimekwangua duara jeusi, nimeweka kibati juu yake. Nimefagia majivu. Kisha nimetengeneza sauti zote, polepole, kama mtu anayefanya mtihani.

Bi Zuhura kauliza kama anaweza kufukiza sebule tu, mbali na kinanda. Nimemwambia fukiza, Bi Zuhura. Nyuzi zake hazina kutu na nyundo hazijaliwa na nondo. Balbu ni ya mwaka juzi tu, lakini udi kwenye chumba kile ni wa miaka arobaini. Huenda alikuwa ananishinda ufundi siku zote. Sijui. Nataka kulichunguza hilo.

Ijumaa, 23 Mei

Sikulala vizuri. Nimefika saa tatu, Hafidh bado hajakwenda dukani, simu mkononi. Uma kwenye goti. La ya katikati.

Imeshika.

Hafidh kabonyeza tano, sita, mshale umesimama katikati. Kaenda dukani.

Ijumaa, 30 Mei

Imeshika. Wiki nzima mvua, imeshika.

Hafidh kampigia yule wa Mikocheni mbele yangu, kamwambia atafute mbao za kaunta kwingine. Alipokuwa anatoka kageuka mlangoni, ule usiofunga. "Shikamoo, fundi. Nilisahau." Nimeitikia marahaba.

Jumanne, 3 Juni

Mvua imekata. Bi Zuhura kaniita nipitishe mkono mara ya mwisho kabla ya wageni wa sikukuu. Kochi moja limehamishiwa barazani. Piano imebaki.

Kazi ndogo. Besi sawa, katikati sawa. Nimepanda kulia taratibu mpaka nimefika kwenye vibonyezo saba vya mwisho. Nikabonyeza. Nasikia mti unagonga, nasikia kitu chembamba, ukweli wake siusikii. Mwezi uliopita ningeweka tu nilipozoea, nikafunga, nikanywa kahawa.

Miaka thelathini na moja sijawahi kumuuliza mwenye piano. Nimemuuliza. "Bi Zuhura, hii unaisikiaje?"

Hakushangaa. Kaacha tasbihi, kasogea, kainamisha kichwa karibu na nyuzi. Kasema, "Kipandishe kidogo." Nikapandisha. "Kidogo tena." Nikapandisha. "Basi, hapo." Tukaenda hivyo vyote saba. Mie sikusikia tofauti hata mara moja. Nimeacha pale aliposema.

Kisha kakaa kapiga wimbo wake wa harusi. Mkono wa kushoto ukakosea palepale. Kile kitambaa kilichodariziwa cha kufunikia sasa ndicho anachokifukiza Alhamisi, pamoja na kanzu.

Mama Neema kasema shati langu linanukia kama bwana harusi. Nimemweleza ya vibonyezo saba. Kaniuliza kama imeniuma. Imeniuma, lakini si kama nilivyodhani.

Kesho Kimara, piano ya kwaya. Nitamwomba mwenyekiti akae upande wa kulia, anisikilizie zile za juu.